Nywele za Yaya

Habari ya boti ilinikuta katikati ya kichwa cha mteja. Alikuwa maman mmoja wa hapa kwetu Cimpunda, muuza maharagwe, na nilikuwa nimemaliza kumsuka upande wa kushoto. Mwenzangu wa saloni aliingia kutoka nje, simu ameishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni bila kusalimu.

"Boti ya Idjwi imepinduka," alisema. "Ni ile yenye yaya alipanda."

Nilisema, "Aa." Kisha nikahamia upande wa kulia.

Mteja alinitazama kwenye kioo. "Maman, acha basi. Tutamaliza kesho."

Nilimwambia atulize kichwa. Nilisuka mistari yote mpaka shingoni, nikachovya ncha za meshi, zile nywele za bandia, kwenye maji ya moto, nikampangusa mabega, nikakunja taulo. Nilipotoka nje, watu wa jirani walikuwa wamesimama wakinitazama, wakingoja nipige kelele. Mimi pia nilingoja. Hakuna kilichokuja. Nilifunga mlango kwa kufuli, nikajaribu kufuli mara mbili kama kawaida yangu, nikateremka kuelekea bandarini.

Yaya, kwa lugha ya kwetu, ni dada mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka, tukiwa wadogo kijijini kwa babu upande wa Katana, kwa majani marefu yaliyoota kando ya migomba. Alikuwa akifunga fundo la majani kwenye mti na kuniambia, hiki ni kichwa cha bibi arusi, usimwaibishe. Tulipokua tulifungua saloni pamoja, chumba cha mbele na kijichumba cha nyuma, lakini yaya hakuwa mtu wa kukaa. Baada ya muda aliniachia viti na vioo akaanza kwenda kisiwani. Alikuwa akibeba meshi kwenye mfuko mkubwa wa mistari, anawasuka wanawake wa Idjwi siku za soko chini ya baraza la duka, kisha anarudi na mananasi na maharagwe. Alikuwa na sauti kubwa. Aligombana na waendesha boti wote na wote walimpenda. Hakuolewa, na mtu akimuuliza sababu alijibu kwamba bado anachagua.

Bandarini walionusurika walikuwa wamefunikwa mablanketi. Walisema upepo ulitokea ghafla, mizigo ikahamia upande mmoja. Mwanaume mmoja alisema alimwona yaya ameshikilia bidoni, dumu tupu la maji, ameelea vizuri tu, anawaita watu wengine kwa sauti. Halafu wimbi likapita kati yao, na baada ya hapo hakumwona tena. Alinieleza hayo akitetemeka meno. Nilimshukuru. Nakumbuka nilimuuliza pia kama amepata chai.

Siku zilizofuata ziwa lilitoa miili michache ufukweni. Tulipigiwa simu kwamba kuna mwanamke upande wa Katana, mtu mzima, mrefu. Nilikwenda na mama. Mwili ulikuwa umelazwa kwenye chumba cha saruji, umefunikwa shuka, na mtu aliyetupokea alituuliza nani ataangalia. Mama alinisukuma kidogo mgongoni.

Sikuanza na uso. Nilimwomba yule mtu afunue upande wa kichwa peke yake. Nilikuwa nimemsuka yaya Jumapili kabla hajasafiri, mistari iliyoanzia sikio la kushoto ikazunguka kisogo na kukutana juu ya kovu alilokuwa nalo nyuma ya sikio la kulia. Mwanamke yule alikuwa na misuko ya kwenda nyuma moja kwa moja, mizuri, imekazwa na mtu mwenye vidole vyepesi.

"Ni yeye?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Haiko yeye."

"Umeangalia sura?"

"Haiko mukono yangu, maman. Aliyemusuka ni mutu mwingine."

Mama alikaa chini palepale kwenye saruji. Sikujua kama alikuwa amefurahi au amevunjika, na sidhani yeye alijua. Mimi nilikuwa nikifikiria kwamba mahali fulani kuna msusi anayemngoja mteja wake.

Yaya hakupatikana. Tulikaa kilio nyumbani kwa mama bila jeneza. Wanawake wa shirika letu la kanisa waliimba, padri alisoma misa, watu walileta sukari na makala, mkaa wa kupikia. Ilipofika siku ya kuondoa kilio, papa mdogo, kaka wa marehemu baba, alisema sasa viti virudishwe. Mama alikataa.

"Kilio ya nani munaondoa?" alimuuliza. "Nani amezikwa?"

Viti vilirudishwa, kwa sababu vilikuwa vya kukodi, lakini mama aliendelea kukaa chini kwenye mkeka pale pale ukutani, kila siku, na chakula alikigusa tu ili tusimsumbue.

Mimi nilirudi kazini. Watu walinisifu. Iko na roho nguvu, walisema, muangalie. Lakini haikuwa nguvu. Ilikuwa kama ule muda daktari wa meno amekuchoma sindano na unajigusa shavu, unajua ni lako kwa sababu liko usoni pako, basi. Nilisuka, nilikula bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, nilisema asante na karibu tena. Mwenzangu alilia zaidi yangu. Wakati mwingine alikuwa akitoka kwenda kulia kwenye kijichumba cha nyuma, na mimi nilimmalizia mteja wake.

Kwenye kijichumba hicho kulikuwa na mfuko wa mistari. Safari ile ya mwisho yaya alikuwa ameuacha, amebeba mfuko mdogo tu, kwa sababu alisema wanawake wa kisiwani wanangoja mavuno kabla ya kusuka. Ndani mlikuwa na pakiti za meshi nyeusi, kahawia, nyekundu ya bordo, na moja ya rangi ya dhahabu ambayo hakuna aliyeitaka. Mchana mmoja nyeusi zilituishia. Niliingia nyuma, nikafungua pakiti moja kutoka kwenye mfuko wa yaya, nikasimama nayo mkononi. Kisha nikatoka nikamwambia mteja kwamba nyeusi zimeisha, aje kesho.

Pakiti ilikuwa imeshafunguliwa. Siku ile mvua ilinyesha na hakukuja mtu mwingine. Kulikuwa na kipande cha tripleksi, ubao mwembamba wa mgongo wa kabati lililovunjika, na kopo la gundi ya mbao ambalo fundi alilisahau alipotengeneza benchi letu. Nilipaka gundi kwenye ubao nikalaza fungu la meshi juu yake. Sikuwa na wazo lolote. Mikono ilikuwa imezoea kushika nywele na haikuwa na kichwa, ndivyo ninavyoweza kueleza. Nililaza fungu lingine pembeni yake, nikalisukuma kwa chanuo lifuate mkunjo. Jioni niliona ubaoni nimefanya maji ya ziwa.

Kesho yake niliendelea, na kesho kutwa. Meshi ni kitu kigumu kubandika kwa gundi: zinateleza, zinapandana, na ukikandamiza kwa kidole zinakuja na kidole. Nilijifunza kuzikandamiza kwa mgongo wa chanuo lililolowa maji. Nilijifunza kwamba meshi mpya zinang'aa mno, kila kitu kinafanana na mwanasesere. Zilizokaa kichwani miezi kadhaa, zikapigwa na jua na moshi wa makala na vumbi la mitaa ya Kadutu, zina rangi ambayo haiuzwi mahali popote, kati ya kahawia na majivu. Nikaanza kutunza zile tunazofumua. Badala ya kuzitupa chooni nilizifagia, nikazifua kwa sabuni ya unga, nikazianika nyuma kwenye kamba, nikazitia kwenye gunia la mchele.

Kilichotokea juu ya maji kilikuwa mwanamke aliyekaa kwenye kiti, anayeonekana kwa nyuma. Kiti nilikitengeneza kwa meno ya machanuo yaliyovunjika, nikayapanga moja moja. Blauzi ilikuwa bigudi za plastiki, zile za kukunjia nywele, nilizozikata kuwa pete ndogo, za waridi na za kijani, zimebanana kama mauamaua ya kitenge. Kioo cha mkononi kilichopasuka niliendelea kukivunja kwa nyundo ndani ya kitambaa, nikavipanda vipande pale maji yanapogusa mwanga. Kichwa kilichukua muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu nilikisuka kweli, mistari ya ile Jumapili, kutoka sikio la kushoto kuzunguka kisogo, kwa meshi za mfuko wake, kisha nikakibandika msuko kwa msuko.

Nilijaribu kumfanya ageuke. Nilichukua picha yake kwenye simu, nikachukua ubao mwingine, nikafanya pua na midomo. Alitoka mtu mwenye hasira ambaye simjui. Nilimbandua. Miaka yote nilikuwa nimesimama nyuma ya yaya na yeye amesimama nyuma yangu, tunasukana na kuzungumza bila kuonana. Kisogo chake ningeweza kukifanya nimefumba macho.

Mwenzangu alipoona gunia linajaa aliniambia, "Sheri yangu, iyo manywele, utupe. Batu banaongea."

"Banasema nini?"

"Sitaki kurudilia."

Hakuwa na haja ya kurudia, kwa sababu wateja wenyewe walianza kuniambia kwa matendo. Mmoja alikuja na mfuko wake wa plastiki, akachuchumaa baada ya kufumuliwa na kuokota sakafuni mpaka unywele wa mwisho. Mwingine aliomba afumuliwe nje, barazani. Wengine hawakuja kabisa. Kila mtu kwetu anajua kwamba nywele zako haziachwi ovyo, na mimi nilijua pia. Ila wakati ule nilijua mambo mengi bila kuyasikia.

Kisha akaja yule maman wa maharagwe, na wanawake wawili wa shirika nyuma yake. Hawakukaa.

"Maman, nipatie manywele yangu," alisema.

"Gani?"

"Ya zamani, yenye ulinisuka ile siku ya boti, kisha ukaifumua."

"Imechanganyika na ya wengine."

"Imechanganyika wapi? Banasema unayifungaka mu chumba. Banasema unapelekaka manywele ya batu ku ziwa, unapatia ziwa batu wengine juu yaya yako arudie."

Mwenzangu aliacha kuchana. Niliwatazama wale wanawake watatu. Wengine wangekasirika au wangelia. Mimi nilikaa nikiwaza jambo hilo kama mtu anayeulizwa njia: kama ingewezekana, ningefanya? Nikaona kwamba labda ningefanya. Hilo sikulisema.

"Kujeni muone," niliwaambia.

Nilifungua mlango wa kijichumba. Dirisha ni dogo, kwa hiyo nilivuta ubao mpaka mwanga uuangukie. Vipande vya kioo viliwaka, vikarusha madoa kwenye dari. Mmoja wa wale wanawake alifanya ishara ya msalaba akarudi nyuma. Maman wa maharagwe alibaki. Aliangalia muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande.

"Ni yaya," alisema.

Niliushika ubao usiteleze.

"Vile alikuwa anakaaka ku kanisa, mbele yangu. Kila siku ya Mungu naangalia ile kovu. Nilikuwa najiulizaka, ni nini ilimuchoma?"

"Uji. Alikuwa mudogo."

"Uji," alisema, kama mtu aliyelipwa jibu la zamani. Kisha akasogea karibu zaidi. "Na ya kwangu? Iko wapi?"

Nilimwonyesha. Nilikuwa nimezitumia chini ya kisogo, kivuli kinachoshuka kwenye bega, kwa sababu zake zilikuwa zimefifia kuliko za watu wote. Anakaa juani na maharagwe yake. Aliweka kidole pale. Gundi ilikuwa imekauka, nywele zilikuwa ngumu kama ufagio.

"Iachie pale," alisema.

Huyo alirudi kusukwa. Aliyefanya ishara ya msalaba hakurudi, na mpaka leo akiniona njiani anahamisha kikapu upande wa pili. Simlaumu. Jambo lenyewe halikuonekana zuri.

Kati ya wateja waliobaki alikuwepo mwanamke mmoja anayefundisha chuo kikuu. Alisikia kisa kama wengine, akaomba kuona. Alikaa kwenye kijichumba hata chai yake ikapoa. Alisema kuna ukumbi Ibanda ambapo wanaonyesha kazi za sanaa, na kwamba angependa watu waone ubao ule. Aliniuliza kazi hiyo niliisomea wapi. Nilimwambia sikuisomea. Aliniuliza ubao unaitwaje. Nilisema hauna jina. Nikamwambia tu kwamba mama yangu hajauona, na siwezi kuutoa kabla hajauona.

Nilikuwa nimeahirisha. Sikuogopa kwamba atalia. Niliogopa kwamba atalia mbele yangu na mimi nitakuwa nimesimama pale kama kabati. Lakini yule mwalimu alikuwa na gari na alijitolea kwenda kumchukua, kwa hiyo mama alikuja mchana ule ule, amevaa kitenge cha msiba, akaingia nyuma bila kuvua kandambili zenye tope.

Aligusa kiti, akagusa blauzi, akapitisha kiganja juu ya misuko kutoka kushoto kwenda kulia, njia niliyoifuata mimi.

"Ananipatia mugongo," alisema.

"Ndiyo, maman."

"Alikuwa anafanyaka vile wakati amekasirika na mi." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka katikati, akalia. Alilia kwa sauti, amepiga magoti, paji la uso limegusa ubao. Mwenzangu alikuja kumshika. Mwalimu alitoka barazani. Mimi nilisimama pale kama nilivyojua nitasimama, nikaangalia kama bigudi hazitang'oka.

Alipomaliza, alijifuta kwa ncha ya kitenge, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tutamuzika."

Mwalimu alikuwa amerudi mlangoni. Alimweleza mama kwa heshima nyingi kuhusu ukumbi, kuhusu watu ambao wangekuja kutazama. "Maman, hii ni kazi ya sanaa. Ikiingia mu udongo itaoza. Batu habatamuona tena."

"Batu balimuona," mama alijibu. "Miaka yote balimuona. Mi niko natafuta fasi ya kupiga magoti."

Mwalimu akanigeukia. "Na we? Ni kazi ya mikono yako. Unataka nini?"

Walinitazama wote watatu. Nilitafuta ndani yangu nikakuta pale pale pa siku zote, patupu, pamefagiwa.

"Sijue," nilisema. "Maman anajua."

Padri alisikiliza ombi letu amekunja mikono. Alisema hawezi kuzika ubao, lakini anaweza kubariki kaburi na kumwombea aliyekufa, na kwamba tutakachoweka ndani ni siri ya familia. Hilo lilitutosha. Fundi alitengeneza sanduku bapa la mbao za mkaratusi. Tulikodi gari kwenda kijijini Katana. Dereva alitaka kufunga sanduku juu ya paa, mama akakataa, akalipakata magotini.

"Ni kioo?" dereva aliuliza.

"Ni mutoto wangu," mama alisema. Dereva alizima redio.

Papa mdogo alikuwa ametangulia na vijana wa kuchimba. Nilidhani watachimba shimo dogo la kutosha sanduku. Nilikuta shimo la mtu mzima, refu na lenye kina, kando ya kaburi la baba chini ya migomba. Papa mdogo, aliyetaka kurudisha viti mapema, alikuwa ndani ya shimo mwenyewe, ananyoosha pembe kwa jembe. "Alikuwa mwanamuke murefu," alisema bila kuniangalia.

Mwalimu alikuja pia. Alikuwa amepiga picha za ubao kwa simu yake, na alimwomba mama ruhusa ya kuzitunza. Mama alimruhusu. Sanduku lilishushwa kwa kamba, padri akanyunyiza maji, kila mmoja akatupa udongo. Nilitupa wangu. Ulifanya mlio mwepesi juu ya mbao, kisha ukaacha kufanya mlio. Kulikuwa na gundi imekauka kando ya ukucha wa kidole gumba changu, na wakati wimbo unaimbwa niliibandua polepole.

Baada ya hapo mama alikula. Alikula bugali na sombe, majani ya muhogo, akaomba kuongezewa, akanywa kasigisi kidogo, ile pombe ya ndizi, na papa mdogo, akamsimulia mwalimu jinsi yaya alivyomfukuza mchumba mmoja kwa mwiko. Tangu siku ile hakai tena chini kwenye mkeka. Anakwenda Katana kila anapopata nafasi, anapalilia, amepanda maua mekundu ambayo mbuzi wa jirani wanayapenda mno. Huwa anarudi amechoka na kuwalalamikia mbuzi hao.

Mimi nilikwenda naye mara chache. Nasimama pale. Naona kaburi limetunzwa vizuri.

Mwalimu alionyesha zile picha kwa wenzake, na habari ilifika mbali kuliko nilivyofikiri. Wa kwanza kuja kuomba ubao alikuwa papa mmoja kutoka Panzi ambaye kijana wake alitoka nyumbani wakati wa vurugu na hakurudi. Hakuleta nywele. Alileta viatu vya mpira, mkanda, na ile bidoni ya njano ambayo kijana alikuwa akichotea maji. Nilimwambia mapema kwamba sura siwezi.

"Hata mugongo," alisema. "Alikuwa na mugongo muzuri."

Nilikata bidoni kwa kisu kilichopashwa moto, nikaikunjua ikawa bapa, nikamfanya kijana anayepanda mlima na mzigo kichwani. Papa alipokuja kuuchukua aliniuliza kama nililia nilipokuwa ninafanya. Alitaka kujua, nadhani, kama kuna mwingine aliyemlilia mwanawe. Nilimwambia ukweli, kwamba hapana, lakini kwamba niliuliza majirani zake alivyokuwa akitembea, na nilirekebisha mguu wa kulia mpaka ukatembea vile.

Aligusa mguu ule. "Basi ni sawa," alisema.

Sasa asubuhi nasuka, mchana nakaa nyuma. Watu wanaleta vitu: sufuria zilizotoboka, vifungo vya sare ya shule, waya wa redio, neti ya mbu. Mwenzangu amenunua gundi nzuri kutoka mjini na amejifunza kukata vioo bila kujikata. Wiki hii tunamfanya bibi mmoja aliyekuwa akiuza mkate, kwa mabati ya makopo ya maziwa. Binti yake anapita kila siku kutazama. Jana alituambia kwamba mabega tumeyafanya mapana mno. Nilichukua koleo, nikang'oa safu ya nje, nikamwomba asimame mbele yangu, anigeuzie mgongo, ili nione mabega ya kwao yalivyo.